Udi wa Mwaka wa Eda

Wanawake waliokuja kukosha maiti ya Mamkubwa walikuwa wametundika kanga mlangoni pa chumba chake, na mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kanga hizo, ukumbini, nimeegemea ukuta. Sauti ya mwoshaji ikaniita kutoka ndani. Nikaitika, "Naam." Ikasema, "Lete udi, mwanangu." Katika nyumba nyingine yoyote ya mjini mtu angeinuka, akachukua kijikopo kilichopo, akakitoa. Lakini nyumba yetu ni ya kupika udi. Makopo yamepangwa rafuni toka chini mpaka karibu na boriti, na nilipofika mbele ya rafu sikujua nichukue lipi. La wiki ile lilikuwa halijakaa. La kabla yake nilizidisha miski. Jingine sukari yake ilishika kidogo, mtu mwingine hatambui ila mimi natambua. Nilisimama pale machozi yakinitiririka huku nikihesabu kasoro za kila kopo, kama muuzaji anayejibishana na mteja mkorofi, mpaka sauti ile ikaniita tena, kwa upole uleule lakini kwa ufupi zaidi: "Salma. Tunakungoja wewe."

Najua kumbukumbu huandikwa na watu waliokwisha kuzeeka, na mimi hata miaka thelathini sijaifikia. Sikusomea kuandika, kama nisivyosomea kupika udi, na ukurasa huu nimeuandika na kuufuta mpaka dada yangu akaniuliza kama namwandikia hakimu. Ndivyo nilivyo. Nikikunja nguo naikunjua niikunje upya. Nikituma ujumbe nausoma tena baada ya kuutuma, nikitafuta kosa. Lakini tangu tumzike Mamkubwa kuna mwaka mmoja unaonirudia kila nikiwasha jiko, na nahisi nisipouandika sasa, na makosa yake, nitaungoja uwe kamili mpaka uniponyoke.

Ni mwaka aliofariki Baba Mkubwa, mumewe. Mimi nilikuwa nimemaliza skuli, matokeo hayakunifikisha popote, wenzangu wanakwenda Tunguu chuoni na vitabu kifuani, na mimi nilikuwa nimeletwa kwa Mamkubwa nimsaidie kufunga makopo na kujibu simu za wateja. Nyumba ni hii hii niliyomo, ghorofa ya juu katika uchochoro wa nyuma ya Mkunazini, ngazi zake za mbao zimelika katikati. Kabla ya msiba, harufu ilikuwa inakupokea chini mlangoni hujapanda hata ngazi moja. Ilikuwa kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye mkate wa asubuhi. Ilikuwa zaidi kwenye kanzu za Baba Mkubwa, maana yeye ndiye aliyekuwa akipeleka makopo majumbani, na watu walizoea kusema wanamjua kwa pua kabla hawajamwona. Nilidhani ile ni harufu ya nyumba tu, kama nyumba nyingine zinavyonukia samaki au rangi.

Akafa katikati ya wiki, ghafla, baada ya chai. Na baada ya mazishi Mamkubwa akaingia eda. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa, lakini niseme kwa ajili ya asiyejua: mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, havai cha kuvutia, na hajitii manukato. Kwa mwanamke mwingine manukato ni kitu cha kuweka kabatini mpaka muda uishe. Kwa Mamkubwa yalikuwa ndiyo kazi, na moshi wa udi humkaa mtu nywele na nguo hata akiwa chumba cha pili. Kwa hiyo siku ya pili yake tu sufuria zilitolewa jikoni, makopo yakafungwa kwenye magunia yakapelekwa kwa jirani, mapazia yakafuliwa. Mimi ndiye niliyefua. Nakumbuka nilivyoyakamua, maji yanatoka ya rangi ya chai, na ile harufu inakwenda na maji kwenye karo. Jioni nyumba ilikuwa inanukia sabuni ya mche. Mamkubwa alikaa kitandani na kanga nyeupe, akavuta pumzi, akasema, "Kumbe hivi ndivyo ilivyo." Sikumuuliza ilivyo nini.

Siku ya hitma nilikuwa napita na sinia la sahani chafu nikamsikia Mjomba, kaka yao aliyekuja kutoka Dar, anazungumza na mama yangu kizingitini. Hakuwa anazungumza kwa ubaya. Alisema Zuhura, ndiye Mamkubwa, ni mtu mzima, hawezi kubaki peke yake na masufuria yake juu ya ngazi hizi zinazotikisika, kazi yenyewe ishasimama, akitoka eda atamchukua. "Nshamtengea chumba," alisema. "Kina feni na kila kitu." Mama akasema ni jambo la heri. Mlango wa chumba cha Mamkubwa ulikuwa wazi kidogo. Nilipoingia kumpelekea maji nilijua amesikia, kwa jinsi alivyokuwa ameikaza midomo. Alikunywa, akanirudishia gilasi, akanishika mkono.

"Nikiingia katika chumba hicho n'takuwa mgeni mpaka nife," aliniambia. "Kaka yangu ni mtu mwema. Ndiyo maana itakuwa vigumu kutoka." Kisha akasema wateja wakija miezi minne wakikuta hakuna kitu, watazoea kwengine, na Mjomba atakuwa kasema kweli. "Pika wewe, Salma. Hata ukipika kibaya, pika. Watu wauone mlango uko wazi."

Mimi, mtu wa kukunja nguo mara mbili, naambiwa nipike kibaya. Nilikubali kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kukataa.

Mahali pa kupikia nilipata Jang'ombe, uani kwa Mama Neema. Huyu alikuwa anakaanga mihogo na kuiuza mlangoni kwake, mwanamke mpana mwenye kicheko cha karibu na kilio, wazee wake walitoka bara zamani, yeye Mkristo wa kusali kila Jumapili. Baba Mkubwa alikuwa akinunua kwake mihogo akitoka kupeleka udi, ndivyo tulivyojuana. Alinipa kona ya ua karibu na tangi la maji na hakutaka chochote ila nisimwagie sukari kuku wake. Kila asubuhi Mamkubwa alinipa maelekezo kutoka kitandani, nami nikaenda nayo kichwani kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Sukari na marashi ya mawaridi motoni, ikoroge pole pole, usiache mwiko. Iache mpaka ukiivuta kwa vidole ifanye uzi. Epua, tia unga wa udi na sandali, uchanganye kabla haijapoa. Hapo kote alikuwa ananipa maneno ya kushikika: rangi ya asali ya nyuki wadogo, uzito wa uji wa mgonjwa. Lakini tukifika kwenye mafuta, miski na ambari na yale mengine, alikuwa anageuza macho dirishani. "Mimina mpaka yatoshe," anasema. Nikimuuliza kutosha ni kiasi gani, anasema, "Utasikia." Nilikuwa namkasirikia kimoyomoyo. Nilidhani ananinyima.

Mpiko wa kwanza uligeuka jiwe. Sikuwahi kuepua, nilikuwa nasubiri uzi uwe uzi wa kweli, nisije nikakosea, na nilipoona uzi niliotaka sufuria ilikuwa haitoi mwiko. Mama Neema alikuja akagonga kwa kisu cha mihogo. "Kwetu kanisani padri akipita na chetezo, mtu unajua ibada imefika pazuri," alisema. "Huu wako, bibie, mtu atasema jirani kaunguza kashata." Nililia mbele ya kuku. Kesho yake nikarudi. Wa pili ulikuwa laini mno, wa tatu ulinukia dawa. Nilikaa na simu nikitazama wanawake wa Oman na Sudan wakipika udi wao, mikono yao imejaa dhahabu, hawatazami hata sufuria, na kila mmoja anafanya tofauti na mwenzake. Nilijifunza vitu kwao, sikatai. Lakini nilichokuwa nakitafuta hakikuwamo kwenye simu. Nilikuwa natafuta ile harufu ya chini ya ngazi. Niliikumbuka vizuri kabisa na sikuweza kuifikia.

Na sikuwa na wa kuniambia. Mamkubwa hakutaka hata kifuniko kifunguliwe mbele yake. Nilikuwa nakoga kwa Mama Neema kwa sabuni ya mche, navaa gauni jingine, nafunga nywele kitambaa, ndipo narudi nyumbani, na hata hivyo nikiinama kumpa chakula naona anageuka kidogo kuelekea dirishani. Siku moja hakuwahi kugeuka. Nilikuwa namtandikia shuka, kitambaa kikaniteleza, nywele zangu zikampita karibu na uso, na nikamwona amefumba macho na kuvuta pumzi kwa ndani, taratibu, kama mtu anayeonja. Kisha akashtuka. Akaniomba nifungue dirisha, akasema astaghafirullah, akasali rakaa mbili. Mimi nilikwenda jikoni nikakaa juu ya gunia la mkaa. Sikujua bado kwamba alikuwa anamtafuta mtu.

Tukabuni njia. Nilikuwa nasimama nje ya kizingiti, mikono mitupu, kopo limebaki Jang'ombe, na yeye ananihoji.

"Haya, n'ambie. Unanukiaje?"

Nikamwambia udi unanukia vizuri.

"Vizuri ndo nini? Halua nzuri, mtoto mchanga mzuri. Unanukiaje?"

Nikajaribu. Nikasema mwanzo mtamu, halafu kuna kitu kama ubao uliopasuliwa leo, halafu mwishoni, ukishazimika, unabaki kama kiatu cha ngozi kilicholoa mvua. Mamkubwa akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na aliziba mdomo kwa kanga kana kwamba amevunja kitu cha watu. Akaniambia nipunguze marashi, niongeze sandali, nimwambie tena kesho. Tulifanya hivyo wiki baada ya wiki. Leo nikisema najua kuandika chochote, nilijifunzia pale kizingitini, kumweleza mtu kitu ambacho haruhusiwi kukinusa.

Makopo ya kwanza kufika kwa wateja yalirudi na maneno. Bi Aziza, aliyekuwa akinunua udi wetu tangu harusi yake mwenyewe, alikuja kumjulia hali mjane. Nilikuwa ngazini nasikia kila kitu. Alimpa pole, akamwombea marehemu, akaomba subira, halafu kwa sauti ileile ya dua akasema, "Na udi wako wa safari hii, shoga yangu, nimeufukiza chooni. Mbu wote wamehama, nashukuru." Nilitamani ngazi zile zinazotikisika zianguke na mimi. Nikamsikia Mamkubwa anamjibu bila haraka, "Basi utautaka tena masika, wakirudi." Bi Aziza akacheka, wakacheka wote wawili, wakanywa kahawa. Alipoondoka nilimwambia Mamkubwa siendi tena Jang'ombe. Akasema keshoye niongeze ambari kidogo, halafu akauliza kama Mama Neema amepona jino.

Kosa langu kubwa halikuwa la moto wala la mafuta. Udi ukishapikwa unavundikwa. Unafungwa kwenye kopo, unaachwa mahali pa giza wiki kadhaa ili vitu vilivyomo vishikane. Mamkubwa alinieleza, nikaelewa, na kila asubuhi nikalifunua kopo nilinuse kidogo tu, nijue limefika wapi. Upepo unaingia, mafuta yanatoka, udi unakauka. Nilikuwa naua kila mpiko kwa kuujali. Mama Neema alinitazama siku nyingi, mwisho akaja akaninyang'anya kopo mkononi. "Unalichungulia kama mgonjwa wa hospitali," alisema. Akalitia ndani ya gunia la mihogo, akalitia gunia uvunguni mwa kitanda chake, akafunga chumba. Nilimsihi. "Nenda kwenu. Likiiva n'takupigia simu."

Hakunipigia kwa muda mrefu. Niliendelea kupika mingine, na yeye akaendelea kuninyang'anya. Sikulala vizuri majuma yale. Na siku aliponipa kopo lile la kwanza, nikaweka kipande juu ya kaa, moshi ukapanda ukumbini kwake, Mama Neema aliiacha mihogo akasogea. Watoto wa nje walikuja kuchungulia mlangoni. Mimi nilijua papo hapo kwamba siyo. Ulikuwa mzuri, mzuri kweli, na haukuwa ile harufu ya chini ya ngazi. Mama Neema akasema yeye angeuweka harusini kwake mara mbili. Nilimjibu kwa ukali kwamba haujawa sawa. Akarudi kwenye mihogo yake.

Udi huo ulichukuliwa na mwanamke mmoja mwenye duka la nguo Mwanakwerekwe, mtu ambaye hakuwahi kununua kwetu. Alirudi kutaka mwingine, halafu wateja wake wakaanza kupiga wenyewe. Wao hawakuwa na cha kulinganisha. Nilikuwa nawauzia huku nikiona aibu, kama ninawadanganya. Kila simu ikilia Mamkubwa ananiita aniulize ni nani, wa wapi, anataka wa nini, na mimi namtajia, na naona mabega yake yanashuka kidogo, kama ya mtu anayewekewa mto mgongoni.

Mjomba alifika siku ileile Mamkubwa aliyotoka eda. Alikaa ukumbini na mama yangu, tiketi za boti mfukoni mwa shati. Ndani, Mamkubwa alikuwa amekoga, amevaa kanga mpya, na akaniomba nifungue sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Nguo zote za Baba Mkubwa zilikuwa zimeshatolewa sadaka. Kumbe alibakisha kanzu moja, na miezi yote ile hakulifungua sanduku kwa kuogopa kilichomo. Aliikunjua, akaiweka usoni. Nilimwona anageuza upande mmoja, upande wa pili, kwapani, kwenye kola. Ilinukia dawa ya nondo. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, niwashe chetezo na nilete udi wangu.

Tukaitandaza kanzu juu ya tenga la kufukizia, moshi ukapita ndani yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuunusa udi niliokuwa nikimsimulia. Aliiinua kanzu ikiwa na joto bado, akaikumbatia usoni, akakaa hivyo. Nilikuwa nangoja hukumu yangu. Naona haya kusema lakini ndicho nilichokuwa nakingoja. Alipoiteremsha, mashavu yake yalikuwa yameloa.

"Si yeye," alisema.

Nikamuuliza nimekosea wapi. Nikaanza kumtajia sukari, sandali, siku za kuvundika. Akanizuia kwa mkono.

"Hukukosea, mwanangu. Mafuta alikuwa akimimina yeye. Mimi moshi wa sukari unanitoa machozi, hapo nilikuwa nampa mwiko nageuka. Miaka yote hiyo sijapata kumtazama mkono." Akaikunja kanzu, mkunjo kwa mkunjo. "Hayupo tena anayeujua udi ule."

"Mbona hukun'ambia?"

"Ningekwambia ungeacha."

Moshi uliobaki ulikuwa unatafuta dirisha. Halafu akafuta uso, akatoka ukumbini, akaamkiana na kaka yake, akamwambia hawezi kusafiri kwa sababu kuna udi wa harusi mbili wa kufunga, na mtoto huyu peke yake hawezi. Mjomba alitazama tiketi zake, akanitazama mimi, akavuta pumzi puani. Akauliza kama kuna kopo moja la kumpelekea mkewe.

Kanzu aliifua wiki ileile, akaitoa sadaka. Hakuwahi kusema udi wangu ni mzuri. Alijifukiza nao kila Ijumaa mpaka mwaka huu, na katika upishi wetu wote, kila tulipofika kwenye mafuta, alinipa mwiko akageuka. Mara nyingi nilimwambia, tazama, Mamkubwa, tazama mkono wangu, usije ukapotea tena. Alikuwa anasema macho yake hayastahimili.

Ndiyo maana nilishindwa mbele ya rafu. Nilitaka kopo ambalo angeliinua usoni akasema ndilo, na nilijua sina, na sitakuwa nalo. Nilipoitwa mara ya pili nilinyoosha mkono nikachukua lililokuwa karibu. Sikulifunua. Nililipitisha chini ya kanga kwenye mkono wa mwoshaji, nikasikia kaa likipulizwa, nikasikia kifuniko kikifunguliwa na mtu mwingine. Moshi ukaanza kupita juu ya pazia, ukanijia nywele na gauni. Walipomaliza, sanda imeshafukizwa, wakaniita niingie nimuage. Kwa mazoea ya mwaka ule wa eda nilianza kugeuka kwenda kukoga na kubadilisha nguo. Nikakumbuka eda ilikwisha zamani. Nikaingia nilivyo, nikainama karibu na uso wake.